Wahenga wa Counter-Strike: Miaka 25 ya Kulalamika, na Sehemu Moja Ambayo Wako Sahihi

Leo tuweke pembeni ubuyu wa mastaa, tuwaongelee wahenga. Siyo wahenga wa methali. Naongelea wahenga wa gemu moja ya kurushiana risasi inaitwa Counter-Strike, watu ambao leo wana miaka 35 mpaka 45 na ushee, wana watoto, wana vitambi, wakikaa kwenye kiti masaa mawili mgongo unagoma. Lakini wewe mtajie tu toleo la 1.6 uone macho yanavyowaka, kama umemtajia mchumba wake wa form two.

Halafu hapohapo anaanza kulalamika. Gemu ya siku hizi siyo gemu. Bunduki hazina uzito. Watoto wanajali rangi ya kisu kuliko kulenga. Zamani tulichezea kompyuta za chogo, spika zinakoroma, na bado tulikuwa tunapiga kichwa tu. Ukimwachia nafasi atakupa lisaa limoja.

Mimi ni mtoto wa 2000, yaani mimi na hii gemu tunalingana umri kabisa, kwa hiyo enzi zao sikuwepo. Ila nimefuatilia sana historia yao, na swali langu ni moja. Hawa jamaa ni wazee tu waliogoma kukua, au kuna kitu kweli walinyang'anywa?

Twende taratibu.

ILIZALIWA MTAANI

Mwaka 1998 kampuni ya Marekani inaitwa Valve ilitoa gemu ya Half-Life. Hiyo haikuwa Counter-Strike. Ilikuwa hadithi ya mwanasayansi anayepambana na viumbe wa ajabu ndani ya maabara. Ila wale jamaa wa Valve walifanya jambo la maana sana: waliwaachia wachezaji vifaa vya kuifumua gemu na kuishona upya. Gemu iliyoshonwa hivyo inaitwa modi. Fikiria basi la mkoani lililojengwa juu ya chasisi ya lori. Injini na chasisi vimetoka kiwandani, lakini bodi ni kazi ya fundi wa hapahapa.

Fundi wetu alikuwa mwanafunzi wa chuo kule Canada, anaitwa Minh Le, mwenyewe akijiita Gooseman. Kabla ya hapo alikuwa ameshachezea modi za gemu ya Quake. Akaungana na mwenzake anaitwa Jess Cliffe, na Juni 1999 wakaachia toleo la majaribio la kwanza. Bure. Upande huu askari, upande ule magaidi. Mwanzoni kulikuwa na kuokoa mateka tu, yale mambo ya kutega bomu na kulitegua yalikuja baadaye mwaka huohuo.

Na siyo wao wawili tu. Ramani nyingi zilichorwa na mashabiki. Ile ramani maarufu kuliko zote, Dust, yenye kuta za rangi ya mchanga ambazo hata kama hujawahi kucheza umeshaziona mahali, ilichorwa na kijana mmoja wa Uingereza, Dave Johnston. Mwaka 2001 akaleta Dust2. Miaka zaidi ya 20 baadaye watu bado wanauana kwenye mlango uleule.

Valve walipoona modi ya bure inapendwa hivyo wakaingia mzigoni, wakainunua, wakawaajiri wale vijana, na Novemba 2000 Counter-Strike ikaingia madukani ikiwa kwenye boksi. Sasa shika hii pointi kwa sababu kila lalamiko linalofuata linaanzia hapa: hii gemu haikuanzia ofisini. Ilianzia kwa wachezaji wenyewe, kwa hiyo wachezaji wanaiona ni ya kwao. Ukiigusa, umegusa shamba la familia.

KILA TOLEO LILITUKANWA

Hapa ndipo wahenga wanapochekesha, maana wengi wana kumbukumbu ya kuchagua.

Matoleo ya kwanzakwanza mtu alikuwa anaweza kuruka mfululizo kama sungura huku anazidi kupata spidi. Wakubwa wakaona hapana, wakapunguza. Kelele! Gemu imekufa! Bunduki zikarekebishwa, kelele tena. Mwaka 2003 likaja toleo la 1.6, hilihili ambalo leo wanalililia kama marehemu mpendwa. Unajua lilipokelewaje? Kwanza lilileta ngao, ile ya askari wa kutuliza fujo. Mtu anajificha nyuma ya ngao anakusogelea na bastola, unammiminia risasi zote na hafi. Watu walikasirika mpaka mashindano makubwa yakaipiga marufuku.

Pili, na hili ndilo kubwa, 1.6 lilikuja limebebana na Steam. Leo Steam ndiyo duka kubwa la gemu za kompyuta, kila mtu analo. Mwaka 2003 lilikuwa balaa. Linazito, linaganda, linakulazimisha ufungue akaunti, intaneti yenyewe ya wakati ule unaijua. Wachezaji wengi wakagoma, wakabaki na toleo la 1.5. Valve wakasubiri, halafu mwishoni mwa Julai 2004 wakazima ule mfumo wa zamani ulioitwa WON, ambao ndio ulikuwa unawakutanisha watu wa 1.5. Mjadala ukaishia hapo. Kuna wabishi wachache waliojijengea mfumo wao wakauita WON2 wakaendelea na yao, lakini umati ulihama, shingo upande.

Mwaka huohuo wa 2004 ikaja Counter-Strike: Source, picha nzuri, mapipa yanabiringika, maiti zinaanguka kama maiti kweli. Kambi ikapasuka. Watu wa 1.6 wakasema hii ni katuni. Watu wa Source wakasema nyie mmezeeka, na hapo walikuwa na miaka 22! Mwaka 2007 ikaanzishwa ligi ya kwenye televisheni Marekani, Championship Gaming Series, ikachagua Source kwa sababu inapendeza kwenye kioo. Baadhi ya mastaa wa 1.6 wakafuata mshahara. Mwishoni mwa 2008 ligi ikafa kifo cha ghafla, waliohama wakabaki wanaangaliana. Wahenga wa 1.6 mpaka leo wakisimulia hiyo stori wanatabasamu kidogo, siyo vizuri lakini ndivyo ilivyo.

Hayo yote yakiendelea, nje nako kulikuwa na kelele nyingine. Brazil, mwaka 2006 vijana wao wa timu ya MIBR walikwenda Ufaransa wakabeba kombe la dunia la ESWC. Januari 2008 nchi hiyohiyo ikaanza kutekeleza amri ya mahakama ya kupiga marufuku kuuza Counter-Strike, ikaja kuondolewa mwaka 2009. Mabingwa wa dunia wa kitu kilichokatazwa kwao. Tuendelee.

Agosti 2012 ikaja Counter-Strike: Global Offensive, wenyewe wanafupisha GO. Wahenga wakaikataa. Ilionekana nyepesi, bunduki hazieleweki. Kulikuwa na timu ya Sweden, Ninjas in Pyjamas, ilikusanya wakongwe wa 1.6 na wa Source, ikashinda ramani 87 mfululizo kwenye mashindano ya ana kwa ana bila kupoteza hata moja. Kwa mhenga hiyo ni ushahidi tosha: wakongwe wakishuka daraja wanawafunika wote.

Halafu Septemba 2023 Valve wakaleta Counter-Strike 2, na GO ikaondoka. Na unajua nini kilitokea? Watu wakaanza kuililia GO. Ileile GO. Kuna kijana aliyeanza kucheza 2014 akiwa na miaka 13, leo naye ni mhenga, anakwambia zamani risasi zilikuwa zinakwenda unapolenga.

Kwa hiyo ukiishia hapa jibu ni rahisi. Wazee ni wazee. Mtu anapenda gemu aliyoikuta akiwa na miaka 15, hana kodi ya nyumba, mama anapika, na vidole vina moto. Ukweli ni kwamba mkono wa miaka 40 unachelewa, na hakuna toleo litakalomrudishia. Kulaumu gemu ni rahisi kuliko kulaumu macho.

Lakini mimi nasema tusiishie hapa.

KIJIWE CHA MAREHEMU

Kuna kitu wahenga wanakitaja juujuu katikati ya malalamiko ya bunduki, na hicho ndicho kizito kuliko vyote.

Kwenye gemu kama Quake, ukifa unafufuka papo hapo unaendelea kukimbia. Counter-Strike ukifa umekufa. Unakaa pembeni unaangalia wenzako mpaka raundi iishe. Dakika moja, mbili. Sasa mtu aliyekaa bila kazi dakika mbili anafanya nini? Anapiga stori. Na gemu ilikuwa na sheria yake: waliokufa wanaandikiana na waliokufa wenzao tu, walio hai hawaoni, ili msiwachongee. Kwa hiyo kila raundi ilikuwa na kijiwe cha marehemu pembeni. Hapo ndipo watu walipotaniana, wakaulizana umetokea wapi, wakamcheka yule wa mwisho aliyebaki peke yake anatetemeka na bomu linalia. Raundi inaisha, mnafufuka, mnauana tena, mnarudi kijiweni.

Ongeza na hili. Enzi za 1.6 hakuna kompyuta ya kampuni iliyokuwa inakutafutia wapinzani. Ulikuwa unafungua orodha ndefu ya seva. Kila seva ilikuwa na mwenyewe. Mtu yeyote mwenye kompyuta na intaneti ya maana, au hela kidogo ya kukodi, alikuwa anaweza kuanzisha yake, akaipa jina, akaweka sheria zake, akachagua wasimamizi. Hapa hatutukani. Hapa ni Dust2 tu masaa 24. Hapa hatutaki ile bunduki kubwa ya kudungulia. Ukipapenda unapaweka kwenye orodha yako, kesho saa mbili usiku unarudi unakuta majina yaleyale. Msimamizi anakujua. Ukipotea wiki wanakuuliza ulikuwa wapi.

Hicho ni kijiwe, wadau. Hakuna neno lingine. Ni kama pale kwenye kibanda cha PS mtaani, unaenda kwa sababu ya FIFA lakini unarudi kwa sababu ya watu. Unajua nani mbishi, nani akifungwa anasingizia pedi.

Na kwenye vijiwe hivyo watu walivumbua vitu ambavyo kampuni isingewaza. Kuna seva za mazombi, mmoja anaambukizwa anawakimbiza wote. Kuna za kuteleza kwenye kuta zilizolala kama uko kwenye mawimbi, bunduki hata hamtumii. Kuna za GunGame, kila ukiua unabadilishiwa silaha mpaka umalize na kisu. Hiyo ya GunGame ilipendwa mpaka baadaye Valve wenyewe wakaiweka ndani ya GO kwa jina la Arms Race.

GO ilipokuja ikaweka kitufe. Bonyeza, subiri, mashine inakutafutia watu tisa wa kiwango chako. Mechi ikiisha mnatawanyika, hamtaonana tena maishani. Tuwe wakweli, kitufe kina faida zake. Huchezi tena na mtu aliyekuzidi mara kumi, na hakuna msimamizi wa kukufukuza kwa sababu tu umemuua. Seva za watu hazikufutwa, bado zilikuwepo, ila zilisukumwa nyuma ya duka. Mgeni anayeingia leo anakutana na kitufe kwanza, wengi hawafiki huko nyuma.

Kwa hiyo mhenga akikwambia bunduki za zamani zilikuwa na uzito, msikilize vizuri. Anaongelea watu. Hajui tu aseme vipi, na kwa mwanaume wa miaka 42 ni rahisi kulalamikia bunduki kuliko kusema nimewakumbuka washkaji ambao hata majina yao halisi siyajui.

MAOKOTO YALIVYOINGIA

Agosti 2013 Valve wakaleta skini, yaani rangi na michoro ya kupaka bunduki na visu. Hazikuongezei nguvu yoyote. Unapata boksi, unanunua funguo, unafungua, bahati yako. Kitu adimu unaweza kukiuza. Novemba mwaka huohuo yakafanyika mashindano makubwa kule Jönköping, Sweden, zawadi dola 250,000, na sehemu ya hela hiyo ilitoka kwa wachezaji walionunua maboksi. Fnatic wakabeba. Kuanzia hapo GO haikushikika.

Lazima tuseme bila kuuma maneno: maokoto ndiyo yaliyoiokoa. Bila skini pengine leo tungekuwa tunaiongelea kama tunavyoongelea gemu nyingine nyingi za zama zile zilizobaki jina. Sasa hivi Counter-Strike 2 inapata zaidi ya watu milioni moja kwa wakati mmoja kwenye Steam. Sasa mhenga anayesema gemu imekufa, imekufa wapi?

Ila hela ilibadilisha hata aina ya malalamiko. Oktoba 2025 Valve walibadilisha sheria, wakaruhusu skini za daraja la juu zibadilishwe kupata visu na glavu. Bei za visu zikaporomoka ndani ya muda mfupi. Watu walioweka akiba zao mle wakachanganyikiwa. Wahenga wa 1.6, ambao utajiri wao wote ulikuwa ni zile dola za ndani ya gemu unazoanza nazo 800 na haziwezi kuzidi 16,000, walikaa pembeni wanacheka. Kwao AK-47 ilikuwa 2,500, na ukifa umeipoteza. Hakuna aliyeita mwanasheria.

Na kabla hamjawaonea huruma sana, enzi zile hazikuwa peponi. Seva zilijaa wezi wanaoona kupitia ukuta. Matusi ya kwenye vile vijiwe mengine hayaandikiki hapa. Msichana akifungua mdomo kwenye maikrofoni, jioni yake imeharibika. Na wasimamizi wengine walikuwa madikteta wadogo wa miaka 14. Hayo mhenga hakusimulii.

NANI KASHIKA FUNGUO

Sasa angalia hii tofauti, maana ndiyo inayoniuma mimi.

Toleo la 1.6 bado linachezwa. Leo. Unaweza kulinunua Steam, ukafungua ileile orodha, ukakuta maelfu ya watu. Zaidi ya miaka 20. Halitegemei sana huruma ya mtu, kwa sababu seva ziko mikononi mwa wachezaji wenyewe. Mwenye kijiwe akichoka, mwingine anafungua chake.

GO je? Siku Counter-Strike 2 ilipotoka, yenyewe ilikaa palepale kwenye nafasi ya GO. Watu walilala na GO, wakaamka haipo. Mwenye kompyuta ya Mac akaachwa kabisa, CS2 haikumjali. Ule mchezo wa Danger Zone, wa kushuka kwenye kisiwa mkauane abaki mmoja, ukapotea. Arms Race nayo ilipotea, ikarudishwa mwaka 2024. Valve walibakiza toleo la zamani pembeni kwa anayejua kulitafuta, lakini kile kitufe cha kukutafutia wapinzani hakifanyi kazi tena, na GO ilikuwa inaishi kwa kitufe kile. Kwa hiyo yule mhenga mdogo wa 2014 ana msiba mkubwa kuliko mhenga wa 2003. Kaka yake bado anaweza kurudi kijijini. Yeye kijiji kimejengwa juu yake mji mwingine.

Na sisi wa kwenye simu? Sisi hata hiyo ya pembeni hatunayo. Apex Legends Mobile ilitoka Mei 2022, ikazimwa Mei 1, 2023. Haikufikisha hata mwaka. Haina orodha ya seva, haina WON2, hakuna mbishi wa kuiwasha tena sebuleni kwake. Tunacheza gemu za kurushiana risasi kila siku kwenye daladala, tuna vikundi, tuna majina, tumeweka na vocha humo. Siku wakizima, sisi tutakuwa wahenga wa kitu ambacho hatuwezi hata kumwonyesha mdogo wetu, labda video za YouTube.

Wale wa 1.6 wanaweza. Saa hizi unavyosoma hapa kuna seva ya Dust2 imejaa, Poland au Brazil au Urusi huko. Kuna mtu kaweka mtoto kulala, kavaa hedifoni, kaingia na jina lilelile alilotunga akiwa na miaka 16, jina la kijinga tu. Kapigwa risasi ya kichwa sekunde ya kumi. Sasa amekaa kwa marehemu, anaandika kwamba bunduki za siku hizi hazina uzito, na kuna mtu anamjibu.

Haya, wahenga wa kweli mliopo humu, gemu gani mlikuwa na kijiwe chenu na kiliishaje? Shukeni chini hapo tuongee.